Sponji ukutani haimnyamazishi jirani

Shemeji yangu amepanga Sinza, kwenye nyumba iliyogawanywa pande mbili. Upande mmoja anakaa yeye na mkewe, upande wa pili familia nyingine. Ukuta wa kati ni wa tofali za saruji, umepigwa plasta na kupakwa rangi ya maziwa. Kila usiku, taarifa ya habari ya saa mbili ikiisha, jirani huwasha sabufa, kisha huanza simu zake ndefu za biashara ya mazao. Shemeji alikuwa akijua bei ya gunia la vitunguu kabla halijashushwa sokoni.

Siku moja alichoka. Akanunua sponji nyeusi zenye vichuguu vilivyochongoka, zile zinazoonekana kwenye picha za studio, akazibandika kwa gundi ukuta mzima wa chumba cha kulala. Usiku ule tofauti ilikuwepo, ila haikuwa aliyoitaka. Sauti yake mwenyewe ilikuwa kavu na nzito, kama mtu anayeongea ndani ya kabati la nguo. Sauti ya jirani ilikuja vilevile. Akanipigia simu. "Sasa hii kitu inazuia nini? Na muuzaji aliniambia inazuia na joto!"

Maswali hayo mawili, la sauti na la joto, huulizwa pamoja karibu kila mara, na madukani hujibiwa kwa bidhaa moja. Hapo ndipo fedha za watu hupotelea. Sauti na joto hupenya ukuta kwa njia tofauti, vinavyozuia kimoja mara nyingi haviwezi kingine, na kuna mahali vinapingana kabisa. Lipo jambo moja linalovihudumia vyote viwili, na kwa bahati nzuri ni la bei rahisi. Nitalifikia.

Mito ya Harvard

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, na ukumbi ulikuwa hausikiki. Mhadhiri akitamka neno, lilizunguka humo kwa sekunde tano na nusu hivi, likigongana na maneno mengine kumi yaliyofuata. Kazi ya kutafuta dawa akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Usiku, yeye na wasaidizi wake walikuwa wakibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, wanaipanga humo, wanapima, kisha wanairudisha kabla hakujapambazuka. Mito ilipoongezeka, mwangwi ulipungua, na kutokana na hesabu zile ndipo ikapatikana kanuni inayotumika hadi leo kukadiria mwangwi wa chumba.

Mito ya Sabine ndiyo babu wa sponji ya shemeji. Kitu laini chenye vinyweleo hupokea sauti ambayo tayari imo chumbani. Hewa inayotikisika huingia kwenye vinyweleo, inasuguana humo, na nishati yake inageuka kuwa joto dogo sana lisilohisika. Ndiyo maana mtangazaji wa redio hukaa katikati ya sponji: hataki maneno yake yamrudie kutoka ukutani. Mtu wa chumba cha pili hafaidiki chochote.

Kipo kipimo kisicho na gharama. Chukua kipande cha sponji, kiweke mdomoni, puliza. Pumzi ikitokea upande wa pili, na sauti nayo itatokea. Trei za mayai ni hadithi ileile, tena afadhali sponji. Trei hazina uzito wala vinyweleo vya kutosha. Kazi zinayoifanya vizuri ni kukusanya vumbi na kuwapa mende nyumba za ghorofa.

Ukuta mzito ni mkaidi

Kinachosimamisha sauti isivuke ni uzito. Sauti ni hewa inayotikisika. Ikifika ukutani huusukuma na kuuvuta, mara mia au maelfu kwa sekunde. Ukuta mwepesi hukubali kutikiswa, nao unakuwa ngozi ya ngoma kwa mtu wa upande wa pili. Ukuta mzito hukaidi. Kwa kanuni ya jumla, kila uzito wa ukuta ukiongezwa maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli 5 au 6.

Desibeli ni kipimo chenye hila yake. Zikiongezeka 10, nishati ya sauti imekuwa mara kumi, lakini sikio la mwanadamu hulihesabu hilo kama mara mbili tu. Kwa hiyo ukipunguza nusu nzima ya nishati, yaani desibeli 3, mwenye nyumba atakuambia hajaona tofauti, na atakuwa anasema kweli.

Mazungumzo ya kawaida yana desibeli 60 hivi. Ukuta wa tofali za saruji za inchi tano au sita, zisizo na matundu ndani na zilizopigwa plasta pande zote mbili, hupunguza desibeli 45 hadi 50. Ukuta wa jipsamu wa ofisini, ubao mmoja huku na mmoja kule na katikati patupu, hupunguza 35 hivi, na ndiyo maana ofisini mambo ya mishahara hayafichiki. Kwa kulinganisha, sheria za ujenzi za England hutaka ukuta unaotenganisha nyumba mbili mpya upunguze angalau 45, na ukuta kati ya chumba cha kulala na chumba kingine ndani ya nyumba hiyohiyo, 40. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za chumbani wakati wa kulala zisizidi desibeli 30.

Neno moja kuhusu plasta kabla sijaendelea. Tofali nyingi za mtaani zina mchanga mwingi na saruji kidogo, zimejaa vitundu ambavyo jicho halivioni. Zikiachwa bila plasta, zinapitisha sauti kuliko uzito wake unavyodokeza. Plasta ya upande mmoja tu tayari huziba vitundu hivyo. Ukiona nyumba imepigwa plasta vyumbani lakini stoo au kabati la ukutani limeachwa tofali wazi, hapo sauti imepata kichochoro.

Turudi Sinza. Ukuta wa shemeji ulikuwa wa inchi sita, plasta pande zote. Kwa hesabu hizi, maneno ya simu ya jirani yangepaswa kufika kwake yakiwa chini ya mnong'ono. Yalikuwa yanafika na bei zake. Maana yake ni moja: hayakuwa yanapita ukutani.

Tundu la kiganja

Chukua ukuta wa mita tatu kwa tatu, mita za mraba tisa. Utoboe tundu la hewa la sentimita 30 kwa 30. Tundu hilo ni asilimia moja tu ya ukuta. Kuanzia hapo, hata ukuta uliobaki ungejengwa kwa chuma cha pua, jumla yake haiwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, kwa sababu asilimia moja ya sauti inapita bure, na asilimia moja ni desibeli 20 kamili. Sasa lizibe tundu, uache ufa wa milimita tatu kati ya kichwa cha ukuta na dari, urefu wote wa mita tatu. Huo ni asilimia 0.1, na ukomo wako ni desibeli 30. Ufa ambao huwezi kupitisha kidole umeugeuza ukuta wa tofali kuwa dhaifu kuliko jipsamu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zima taa usiku, mwambie mtu awashe taa upande wa pili, uangalie wapi mwanga unapenya. Au kaa kimya uweke sikio karibu na soketi za umeme. Mafundi wengi hupenda kuweka soketi za vyumba viwili zikipeana migongo, waya moja inahudumia pande zote, na kati yake panabaki masanduku mawili ya plastiki na hewa. Mlango nao: ule wa plaiwudi ulio mtupu ndani, wenye nafasi ya kidole chini yake, hupunguza desibeli 20 ukibahatika. Hakuna maana ya kunenepesha ukuta wenye mlango wa aina hiyo.

Kwa shemeji tulimwita fundi, tukaweka ngazi, nikatoa kipande cha dari kwenye kona ya kabati, nikachungulia kwa tochi ya simu. Nilitegemea kuona ukuta. Niliona mbali, mpaka gebo, ule ukuta wa pembetatu wa mwisho wa nyumba: kenchi za paa zimepangana, waya za umeme zimelala juu ya jipsamu, na kule upande wa jirani, mwanga wa taa yake ukitoka juu kupitia tundu alilotoboa fundi umeme na kuliacha kubwa kuliko taa. Ukuta wa kati ulikuwa umeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kutoka hapo hadi kwenye bati, zaidi ya mita moja, hapakuwa na kitu. Sauti ya jirani ilikuwa ikipanda kupitia dari yake nyembamba, inatembea darini kama paka, na kushuka kwetu.

Jambo hili halikuanza na uvivu wa mafundi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, iliyoenea mijini Pwani hadi bara, nyingi zilijengwa kuta za vyumba zikaishia chini ya paa makusudi. Hewa ya moto ilipaswa kupanda na kuhama, upepo upite juu ya vyumba vyote. Ilikuwa akili ya joto iliyolipiwa kwa faragha, na wapangaji wa nyumba hizo wanajua kuwa ugomvi wa chumba cha tatu husikilizwa na vyumba vyote sita. Tulipoanza kuweka dari za jipsamu, upepo ukakatika, ila uwazi wa juu ukabaki. Tukapata hasara zote mbili.

Sabufa haina adabu

Maneno ni rahisi kuyazuia. Midundo haizuiliki vivyo hivyo. Sauti ya juu, kama filimbi au herufi "s", ina mawimbi mafupi: kwenye mitetemo 1,000 kwa sekunde, wimbi lina urefu wa sentimita 34 hivi. Kwenye mitetemo 100, ambako sabufa inaanza kufurahi, wimbi ni mita 3.4, refu kuliko chumba chenyewe. Mawimbi hayo huutikisa ukuta mzima kwa pamoja, na ukuta haukaidi sana kwa kuwa unatikiswa polepole. Ndiyo maana harusi ya mtaa wa tatu ukiisikia ni "ndu, ndu, ndu" bila mwimbaji.

Hapa wengi hujaribu njia ya pili: kupachika ukuta mwingine mwepesi mbele ya ule wa tofali. Njia hiyo ni sahihi, na ndiyo rahisi zaidi kuiharibu. Kuta mbili zisizogusana, zenye hewa katikati, hufanya kazi kubwa kuliko uzito wake, maana sauti lazima itikise ukuta wa kwanza, isukume hewa, kisha itikise wa pili. Lakini ile hewa ya katikati ni springi, na springi yenye uzito mwishoni ina mdundo wake inaoupenda. Ukipiga mbao nyembamba ukutani, ukaacha nafasi ya sentimita 2.5 na kufunika kwa ubao mmoja wa jipsamu, mdundo huo unaangukia karibu na mitetemo 120 kwa sekunde. Hapo ndipo ilipo sauti nzito ya mwanamume na sehemu nono ya besi. Umejenga ngoma, na jirani atasikika zaidi ya mwanzo. Nafasi ikiwa sentimita 10 na jipsamu mbili zikipandana, mdundo unashuka hadi 42 hivi, chini ya nyimbo nyingi.

Hivyo ukuta wa pili unafaa ukisimama wenyewe, kwenye fremu isiyogusa ukuta wa zamani, yenye mkanda wa mpira chini na juu, jipsamu mbili ambazo viungo vyake havikutani, na kingo zote zimezibwa kwa silikoni isiyokauka ikapasuka. Ndani ya ile nafasi huwekwa sufu ya mawe, inayotengenezwa kwa kuyeyusha miamba na kuisokota kuwa nyuzi. Sufu haizuii sauti kwa uzito wake. Inazuia ile springi isirukeruke. Ukishaibana sana ikawa ngumu kama ubao, umeipoteza kazi yake. Na ukipitisha misumari mirefu kutoka jipsamu hadi kwenye tofali "ili ikaze", umeunganisha kuta mbili kuwa moja. Nimeona kazi nzuri ya wiki mbili ikiuawa na misumari minane.

Kishindo ni jambo jingine. Kinu kinachotwangwa ghorofa ya juu, viti vinavyoburutwa, viatu vya kisigino: hizo hazianzii hewani, zinaanzia kwenye zege na kusambaa hadi kwenye kuta zako zote. Hakuna unachoweza kubandika kwako kikazimaliza. Tiba iko juu, kwenye zulia la jirani au kipande cha mpira chini ya kinu, kwa hiyo peleka maneno mazuri na sahani ya maandazi.

Joto haliji kwa njia hiyo

Sasa swali la pili la shemeji. Joto la nyumba ya Dar es Salaam linatoka wapi? Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu ya utosi. Kuta za kaskazini na kusini zinapata kidogo, za mashariki na magharibi zinapigwa kwa saa chache, paa linapigwa kutwa. Bati la rangi nyeusi saa nane mchana huvuka nyuzi joto 60, nalo linamulika joto kuelekea chini kama pasi. Ukuta wa kati ya vyumba viwili, wenye nyuzi 31 huku na 31 kule, hauna joto lolote la kuzuia. Ujaze sufu ya nusu mita ukipenda. Joto halina sababu ya kuvuka.

Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia, na vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo ni namna tu ya kuifungia hewa isitembee: sufu, styrofoam, makuti. Ndiyo maana sentimita 5 za sufu ya mawe huzuia joto sawa na zege la karibu mita 2. Uzito hausaidii hapa. Styrofoam ni bingwa wa joto na haifai kitu kwa sauti, kwa kuwa ni nyepesi na ngumu. Tofali ni bingwa wa sauti na dhaifu kwa joto. Sufu ina faida pande zote mbili, lakini kwa sauti ni msaidizi, kwa joto ni mwenye kazi. Nayo isichanganywe na sufi ya magodoro ya bibi zetu: herufi moja imetenganisha kitu kinachostahimili moto na kitu kinachoshika moto kama petroli.

Kwa nyumba ya bati, basi, fedha ya kwanza ya joto iende juu. Foili chini ya bati hurudisha sehemu kubwa sana ya joto linalomulika, kwa sharti moja ambalo hupuuzwa: upande wake unaong'aa uangalie nafasi ya hewa. Foili iliyolazwa ikagusa bati inapokea joto kwa mguso na kulipitisha. Juu ya dari huwekwa sufu. Fundi mwenye akili atakuambia pia upake bati rangi nyeupe, na hiyo pengine ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Kuta za nje zina habari yake. Tofali la saruji lililopigwa na jua la saa tisa alasiri hulipitisha joto polepole, likafika ndani saa moja jioni. Wenyeji wa Pwani wanajua bila kupimiwa: ndani panakuwa moto kuliko nje, watu wanahamia barazani hadi usiku. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu walilitatua kwa njia nyingine, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita na zaidi, vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Joto la mchana linapokaribia kufika ndani, usiku umeshaingia na ukuta unaanza kupoa. Na kwa uzito ule, sauti nayo hukwama. Ni nadra kitu kimoja kufanya kazi zote mbili. Kuta hizo zinafanya, kwa gharama ya kula sehemu kubwa ya kiwanja.

Sasa weka kiyoyozi, hesabu inabadilika. Chumba kimoja kina nyuzi 23, korido ina 31, na ghafla ukuta wa ndani una kazi. Hapo kuutia sufu na jipsamu kuna maana: kiyoyozi kinapoza hewa tu badala ya kupoza tani za tofali kila jioni, chumba kinapoa haraka, na luku haikimbii. Nyanda za juu nako, Njombe, Iringa, au Nairobi mwezi wa Julai, ukuta wa nje uliovikwa kwa ndani unakufanya ulale bila sweta.

Jambo lile linalohudumia sauti na joto kwa pamoja, la mianya, linaonekana wazi hapa. Hewa baridi ya kiyoyozi inatoroka kupitia matundu yaleyale yanayoingiza simu za jirani. Bomba moja la silikoni, mpira wa kuzunguka fremu ya mlango na brashi ya chini ya mlango vinakulipa mara mbili. Kwa asiye na kiyoyozi, hata hivyo, ndipo mgongano ulipo. Wewe unaishi kwa upepo wa dirisha lenye wavu na nondo, na penye upepo pana sauti. Hakuna kifaa kinachoondoa mgongano huo. Watu huchagua chumba kimoja, cha kulala, wakakiziba, wakakitengenezea njia ya hewa yenye kona: sanduku la mbao lililopambwa sufu ndani, lenye vizuizi vinavyofanya hewa ipinde mara mbili tatu. Hewa hupinda bila taabu, sauti hupoteza nguvu kwenye kila kona.

Chumba kilichozibwa kisiwashwe jiko la mkaa kamwe, hata baridi iwe ya Makambako. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na kila msimu wa baridi familia huzikwa kwa sababu yake.

Video za watu wa theluji

Kosa la kiufundi ninaloliona sana siku hizi limetoka kwenye simu. Mtu anaangalia video ya fundi wa Canada akivika ukuta kwa ndani: fremu, sufu, kisha karatasi ya nailoni upande wa chumbani, kisha jipsamu. Kule ni sahihi. Wakati wa baridi mvuke uko ndani ya nyumba yenye joto na unataka kutoka. Nailoni inauzuia usifike kwenye ukuta baridi ukageuka maji.

Dar ni kinyume. Hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 26. Umeona gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Chumba cha kiyoyozi ni gilasi ile, na mvuke unatoka nje kuja ndani. Nailoni ya upande wa chumbani ndiyo inakuwa gilasi: mvuke unapita tofali, unapita sufu, unaikuta nailoni baridi, unageuka maji, na nyuma ya jipsamu yako nzuri kuvu inaota nyeusi. Utaijua kwa harufu baada ya masika moja. Pwani, kizuizi cha mvuke kikiwepo kiwe upande wa nje, na upande wa ndani uachwe upumue, rangi isiwe ya mafuta. Ukuta wenye maji yanayopanda kutoka msingini usivikwe kabisa hadi ukauke.

Na moto. Tarehe 20 Februari 2003, huko West Warwick, Rhode Island, ukumbi wa muziki uitwao The Station uliungua baada ya fataki za bendi kuwasha sponji iliyokuwa imebandikwa ukutani kwa sababu majirani walilalamikia kelele. Walikufa watu 100. Miaka kumi baadaye, tarehe 27 Januari 2013, Santa Maria nchini Brazil, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya dari ya klabu ya Kiss. Walikufa 242, wengi kwa moshi wenye sianidi. Nilimweleza shemeji habari hizo mbili huku nikiangalia waya wa pasi uliochomekwa sentimita tano kutoka kwenye sponji zake. Alizibandua siku hiyohiyo, na plasta ikatoka nazo.

Tulichofanya

Mwenye nyumba alikubali, kwa kuwa ukuta mpya ungekaa juu ya ule wa zamani, na msingi wake upo. Fundi aliongeza kozi za tofali kutoka kwenye lenta hadi chini ya bati, akapiga plasta, akajaza migongo ya bati kwa sufu na udongo wa saruji. Matundu ya taa yalizibwa, ya jirani pia. Jirani mwenyewe alishika ngazi, na akauliza kwa aibu kidogo tulikuwa tunasikia mpaka nini. Soketi mbili zilihamishwa. Mlango wa chumbani ulibadilishwa, ukawekwa wa mbao nzito wenye mpira pembeni.

Nilipima kwa programu ya simu kabla na baada, redio ileile, sauti ileile, mahali palepale. Programu hizo haziaminiki kwa namba zenyewe, lakini kwa kulinganisha zinatosha. Tofauti ilikuwa desibeli 14. Midundo ya sabufa bado inafika, imepungua kidogo tu, na hilo jirani alilimaliza kwa kuisogeza sabufa kutoka ukuta wa pamoja na kuilaza juu ya kipande cha godoro kuukuu. Joto la chumbani halikubadilika hata nyuzi moja, kama nilivyomwambia. Foili ya bati anaichangia taratibu na mwenye nyumba. Na juzi alinipigia kuniuliza kama najua vitunguu vinauzwaje.